Binti wa Mpika Gongo

Zoezi lenyewe halikuwa na ugumu wowote kulieleza. Tulikaa wawili wawili, viti vikitazamana. Mmoja anaongea, mwenzake anasikiliza. Anayesikiliza haruhusiwi kushauri, haruhusiwi kuuliza swali, hata pole haruhusiwi kusema. Mwalimu alikuwa na saa mkononi, na alitutaka tukae hivyo robo saa nzima.

Nilivumilia dakika tatu, labda nne. Mwenzangu alikuwa mwanamume wa makamo kutoka Ulyankulu, mtu mpole, na alikuwa anasimulia jinsi kaka yake alivyouza baiskeli, kisha mabati ya jikoni, kisha mlango wa jikoni lenyewe, ili anywe. Nilikuwa nasikia kila neno. Lakini miguu yangu ilianza kuchezacheza chini ya kiti, mgongo ukawasha, na kila mtu alipopita nje kwenye korido nilijikuta nageuza shingo. Mwishowe nikasimama nikasema nakwenda kunywa maji. Yule bwana alibaki na mdomo wazi, sentensi yake imekatika katikati.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu wiki ile.

Mwalimu alinifuata bombani. Alikuwa kijana wa Dar es Salaam, mwembamba, mikono yake ina makovu ambayo hakuwa anayaficha. Siku ya kwanza kabisa alituambia, bila kupepesa macho, kwamba yeye alikuwa teja, alitumia unga kwa miaka mingi, na sasa kazi yake ni kuwafundisha watu wengine namna ya kumsindikiza anayetaka kuacha. Sehemu yake ilikuwa wiki chache tu ndani ya mafunzo yetu ya miezi sita ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Zilizobaki tulifundishwa na wauguzi: chanjo, wajawazito, malaria, vyoo, lishe. Kwa wauguzi nilikuwa mwanafunzi mzuri. Kwake yeye nilikuwa mtu wa kwenda kunywa maji.

"Dada," aliniambia, "una miguu ya mtu anayefukuzwa. Nani anakufukuza?"

"Hakuna mtu, mwalimu. Ni joto tu."

Alinitazama, akafunga bomba nililoliacha wazi, akarudi darasani.

Sikuwa nafukuzwa. Nilikuwa nachunga. Niliianza kazi hiyo nikiwa na miaka sita au saba, nyumbani kwetu Bukene, upande wa pili wa reli. Baba alikwenda Urambo kulima tumbaku akatukalia kimya moja kwa moja, na mama akabaki na watoto wanne na mtambo wa kupikia gongo, pombe kali iliyokatazwa, aliorithi kwa shangazi yake: pipa, bomba la shaba, na beseni la maji ya kupozea. Mtambo ulikaa nyuma ya nyumba, kwenye kichaka. Mama anapika, mimi nakaa kwenye jiwe mbele ya nyumba nikitazama njia. Nikiona mgambo, naimba wimbo wa shule kwa sauti. Nikiona mtu nisiyemjua, nakohoa. Nilikua hivyo, nimekaa nusu ya makalio, sikio moja kwa kila anayepita. Hadi leo nikiingia chumba chochote nachagua kiti kinachotazama mlango, na nikinyimwa kiti hicho sisikii unachoniambia.

Nilipokua kidogo niliacha kuchunga nikaanza kupima. Wateja walikuja kabla jua halijapanda, na mimi ndiye niliyewajazia vikombe, nimevaa sare ya shule tayari. Sare hiyo, ada na madaftari, vyote vilitoka kwenye lile pipa. Nilimaliza kidato cha nne kwa gongo. Wasichana wa kitongoji chetu tuliofika huko tulikuwa wawili tu, na mwenzangu aliolewa Kahama. Ndiyo maana mkutano wa kijiji ulipotafuta mtu wa kwenda Tabora kusomea kazi hii, walinitaja mimi, na hakuna aliyecheka. Mama mwenyewe alipiga makofi.

Mjini nilipanga chumba kata ya Gongoni. Sikulichagua jina, nilichagua umbali wa kutembea hadi chuoni, lakini kila nilipoulizwa ninakaa wapi nilihisi mtu ananifanyia mzaha. Mwenye nyumba, bibi wa Kiislamu ambaye familia yake imekaa Tabora tangu zamani, alilalamika kwamba naimaliza sakafu yake kwa kutembea. "Mwanangu, kaa basi," alinambia siku moja akichoma vitumbua. "Hata kuku hutua." Nilicheka, nikakaa, nikala viwili, nikasimama tena.

Kuna asubuhi moja iliyonikosesha raha zaidi kuliko zote. Mwalimu alitaka kila mmoja aseme kilichomleta kwenye kazi hii. Wakasema. Mama mmoja Mmoraviani kutoka Sikonge alisema mumewe aligongwa na gari akiwa amelewa. Msichana wa kata ya Ng'ambo alisema yeye mwenyewe alikuwa anakunywa, ameacha kwa mwaka na miezi. Yule bwana wa Ulyankulu alimalizia habari ya kaka yake niliyomkatisha. Zamu ilipofika kwangu nilisikia sauti yangu ikisema kwamba baba yangu alikuwa mlevi, alitupiga, akafa kwa ulevi.

Baba yangu hakuwahi kunywa hata togwa lililochacha. Na kwa tulivyosikia mara ya mwisho, alikuwa hai.

Yule mama wa Sikonge alinishika bega. Niliona aibu, na bado sikufuta neno.

Wiki za darasani zilipoisha, tulitakiwa kwenda kwenye mazoezi, kila mtu katika kijiji kilichomtuma. Nilikwenda kwa mwalimu nikamwomba anisaidie nipangwe Isikizya badala ya Bukene. Nilisema Isikizya ni karibu, nauli ni ndogo, na nina ndugu huko. Sikuwa na ndugu Isikizya.

"Mafunzo haya ni ya mtu kurudi kwao," alisema. "Kwenu kuna nini?"

Nikamwambia. Sikupanga kumwambia, ila nilikuwa nimechoka kuubeba uongo wa baba. Nilimwambia habari ya mtambo, jiwe, vikombe, na kwamba nusu ya watu nitakaokwenda kuwahudumia niliwanywesha kwa mkono wangu. Nilimwambia pia kwamba baba hakuwa mlevi.

Nilitegemea atanituliza, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Hakunituliza. Uso wake ulibadilika. Aliinuka, akasimama dirishani akanipa mgongo.

"Aliyekuwa ananiuzia mimi alikuwa na binti," alisema. "Alikuwa ananifungulia geti. Kila siku ananisalimia vizuri, kaka shikamoo, kaka karibu. Nimemchukia yule mtoto kuliko baba yake." Alitoka nje. Kwa mara ya kwanza ilikuwa zamu yangu kubaki nimekaa na mtu mwingine akaenda kutafuta hewa.

Alirudi baadaye, uso ameunawa.

"Utakwenda Bukene," alisema. "Sikuadhibu. Lakini ukienda Isikizya utakuwa mhudumu mzuri wa watu wasiokujua, na ukimaliza mafunzo utarudi kwenu ukiwa na woga uleule. Na dada, usiende kule kuomba msamaha. Mtu anayetetemeka hana nafasi ya kukusamehe. Nenda kafanye kazi."

Treni ya Mwanza ilitakiwa kufika usiku, ikafika jua limeshachomoza. Pale Tabora mabehewa hutenganishwa, haya yanakwenda Kigoma, yale yanakwenda Mwanza, na kwa muda mrefu abiria wanapanda na kushuka wakiulizana hili ni la wapi. Nilisimama na begi langu kati ya njia mbili nikimtazama mfanyakazi wa reli akifungua minyororo. Dada yangu mdogo alikuwa ameolewa Uvinza, njia ya Kigoma. Niliwaza kwamba ningeweza kupanda behewa lolote, kisha nijifanye nimekosea. Nilipanda la Kigoma kweli, nikaweka begi, nikakaa. Mzee aliyekuwa dirishani akaniuliza nashuka wapi. Nikasema Bukene. Akacheka sana. "Binti, shuka haraka, utaamkia ziwani!" Nikashuka mbio.

Mama alinipokea na wali na kuku. Alikuwa amezeeka kidogo kwa miezi ile mitatu, au labda mimi ndiye sikuwahi kumtazama vizuri. Nyuma ya nyumba moshi ulikuwa unapanda kama kawaida.

"Mama, unajua wamenifundisha nini huko?"

"Najua. Utakwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia watu waache kunywa." Alinisogezea bakuli. "Nenda kawaambie. Mimi siwalazimishi, na wewe usinilazimishe. Kula."

Nilikula. Njaa ilikuwepo.

Kituo cha afya kilinipa orodha ya kaya za kutembelea. Ya tatu ilikuwa ya fundi cherehani. Niliposoma nilisimama barabarani nikaikunja ile karatasi, nikaikunjua, nikaikunja tena. Fundi huyu ndiye aliyekuwa mteja wa mama wa kila siku, wa kwanza kufika, kabla hata ya majogoo kunyamaza. Alikuwa mtu msafi, shati limepigwa pasi, anasalimia kwanza ndipo ananyoosha kikombe. Siku hizo alikuwa na cherehani mbili kibarazani na vijana wanaojifunza. Sasa nilisikia hana hata moja inayofanya kazi.

Mlango ulifunguliwa na mkewe.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Alinitazama kuanzia viatu hadi begi la huduma ya kwanza nililopewa, lenye nembo mpya kabisa.

"Umekuja kuangalia kama bado yupo?" aliuliza. "Yupo. Mwambie mama yako mteja wake hajafa."

Akafunga. Nilisimama pale kibarazani mbele ya cherehani iliyofunikwa gunia. Nilitaka kuondoka nikimbie. Nilikwenda kaya ya nne, nikapima uzito wa mtoto, nikaandika namba vibaya, nikarudia.

Nilirudi kwa fundi kesho yake, na keshokutwa yake, na siku ya tatu. Siku ya tatu fundi mwenyewe alikuwa amekaa nje. Mikono aliifungia kwapani ili nisiione inavyotetemeka.

"Ni wewe," alisema. "Umekuwa mtu mkubwa. Wanasema unasaidia watu kuacha."

"Ninajifunza, fundi."

"Basi nimeacha. Leo. Tangu jana jioni sijagusa."

Darasani tulifundishwa jambo hili na nililiandika nikalipigia mstari: mtu anayekunywa kila siku tangu akiamka, asiache ghafla peke yake nyumbani. Mwili umezoea. Anaweza kutetemeka, kutapika, kuona vitu visivyokuwepo, kuanguka kifafa, hata kufa. Nilimweleza. Nilimwomba twende kituoni pamoja, daktari amwone, apewe dawa za kumshusha polepole. Fundi alikataa. Alisema ameaibika vya kutosha, hataki kulazwa kwa pombe watu wakimchungulia dirishani. Nilimsihi, nikamweleza mkewe dalili za hatari, nikaondoka huku moyo haujatulia hata kidogo. Sikwenda mbali. Nilizunguka ile mitaa miwili mitatu bila sababu, nikanunua karanga nisizozila, kisha nikaenda kwa mama kwa sababu ndiyo nyumba iliyokuwa karibu.

Saa nane mchana mke wa fundi alitokea akikimbia, kanga inamdondoka. Hakunitafuta mimi. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba.

"Nipe kikombe," alimwambia mama. "Kimoja. Anapigana na ukuta, anasema kuna siafu. Nipe, atakufa."

Mama alikuwa ameshachota. Alikinyoosha kile kikombe na mke wa fundi akakipokea kwa mikono miwili, na mimi nikasimama kati yao na njia.

"Mama, ngoja. Tumpeleke kituoni."

"Mpe kidogo kwanza atulie," mama alisema. Hakuwa na ubaya. Alisema kama mtu anayejua kazi yake. "Nimewaona wengi kuliko ulivyoona kwenye madaftari yako. Mpe atulie, ndiyo umpeleke."

Mke wa fundi alinitazama, akamtazama mama, akanitazama tena. Kikombe kilikuwa kinamwagikia vidole vyake. Sikujua. Nataka kuwa mkweli hapa: sikujua nani kati yetu ana haki. Nilichojua ni kwamba bodaboda ilikuwa imesimama pale dukani, na nilikwenda nikaishika usukani dereva akiwa bado anatafuna muwa wake.

Tulimkuta fundi sakafuni, ameanguka, macho yamegeuka juu, mwili unatupwatupwa. Kwa kifafa mikono yangu ilijua la kufanya. Nilimlaza ubavu, nikaweka kanga chini ya kichwa, nikazuia mtu asimtie kitu mdomoni. Kilipopita tulimpandisha pikipiki, dereva mbele, fundi katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kiunoni. Alikuwa mwepesi mno. Mkewe alifuata kwa miguu, na baadaye niliambiwa kile kikombe alikimwaga njiani bila kujua lini.

Daktari wa zamu alimpa sindano, akamtundikia dripu, akaniuliza maswali niliyoweza kuyajibu: anakunywa nini, tangu lini, mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Nilijibu kwa ukamilifu uliomshangaza. Nilipomuuliza pembeni kama ningemwacha anywe kidogo ingekuwaje, alisema pengine kifafa kisingekuja, na pengine wasingemleta kabisa. "Shukuru amefika," alisema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Fundi alilazwa siku tano. Nilikuwa nakwenda kila siku nikimaliza kaya zangu. Siku ya nne alikuwa amekaa kitandani, macho yametulia, na wodi ilikuwa tupu isipokuwa sisi wawili. Kitanda chake kilikuwa kimewekwa vibaya kwangu. Kukaa karibu naye ilibidi niupe mlango mgongo. Nikakaa.

"Wewe ulikuwa unanijazia," alisema.

Nikalikumbuka zoezi la mwalimu. Haruhusiwi kushauri, haruhusiwi kuuliza swali.

"Mama yako anapima mpaka kwenye mstari. Wewe unapitisha. Kila siku kinafurika kidogo. Nilikuwa natembea njia nzima nikisema, yule mtoto ananihurumia. Kwa sababu ya ile sare. Unaikumbuka?"

Niliikumbuka. Nilipoingia kidato cha kwanza alinishonea sketi na mashati mawili bila kututoza ushonaji, akapindisha kitambaa kwa ndani ili ikibana ifumuliwe. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nampitishia kipimo kwa sababu ya ile sketi. Nilikuwa na miaka kumi na minne na sikuwa na shukrani nyingine ya kumpa.

Aliendelea kuongea. Alisimulia siku ambayo mkasi ulimponyoka akakata suti ya bwana harusi. Alieleza jinsi vijana wake walivyoondoka mmoja baada ya mwingine bila kumuaga. Alilia kidogo, akajifuta na shuka, akaendelea. Watu waliingia na kutoka nyuma yangu, nikasikia ndoo, nikasikia kandambili, na sikugeuka. Alipomaliza, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi.

"Umechoka," alisema fundi.

"Ndiyo," nikasema. "Kesho nitakuja tena."

Nilimpigia simu mwalimu. Nilimsimulia yote, pamoja na kile kikombe. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Andika ripoti. Na lile la baba yako, rudi uwaambie wenzako." Nilirudi Tabora kwa kufunga mafunzo, nikasimama mbele ya darasa, nikawaambia. Yule mama wa Sikonge hakunishika bega safari hii. Alikaa akinitazama, na wakati wa chai alichukua kikombe chake akaenda meza nyingine. Yule bwana wa Ulyankulu ndiye aliyekuja. Aliniuliza kama kaka yake akitaka kuacha, pa kuanzia ni wapi.

Fundi alikaa miezi minne bila kunywa, kisha akaanguka kwenye msiba wa mdogo wake. Alikunywa wiki mbili. Mkewe alinifuata mwenyewe, akabisha hodi, akaniitikia shikamoo yangu kwa mara ya kwanza. Tulimpeleka kituoni mapema, kabla siafu hawajaja. Safari hii imekuwa ndefu zaidi. Cherehani moja imetengenezwa, na asubuhi hushona sare za shule, akiipumzisha mikono mara kwa mara, kwa sababu nguvu haijarudi yote.

Mama hajaacha. Tumegombana hadi tumechoka, tumenyamaziana majuma, nimehama nimepanga chumba karibu na kituo. Husema yeye akiacha, watakwenda kwa mpishi wa jirani anayechanganya vitu asivyovijua. Huenda ni kweli, na kweli hiyo hainisaidii kulala. Nikipita kwake namsalimia, nakula akinipa, na moshi unapanda nyuma ya nyumba. Askari wakija siku moja wakamchukua, sijui nitasimama upande gani. Kuna siku nadhani ningewaonyesha njia mwenyewe. Kuna siku naona ningeimba ule wimbo wa shule.

Juzi alikuja mwanamke kijana, mtoto mgongoni, mikono imefichwa ndani ya kanga. Alisimama mlangoni kwangu.

"Mwangaluka," nikamwambia, salamu ya asubuhi ya kwetu. "Karibu."

"Nimetumwa na mama yako," alisema. "Ameninyima leo. Amesema nikishaanza kutetemeka asubuhi, nije kwako kwanza."

Nilimpokea mtoto, nikamwonyesha kiti. Nilimuuliza mara ya mwisho alikunywa saa ngapi. Alisema jana, jua likizama. Nikahesabu saa kichwani, nikampigia dereva wa bodaboda, na tulipokuwa tunamsubiri yule mwanamke akaanza kunisimulia yake.